Sukari kupanda kabla ya hedhi: maana yake na la kufanya

Wanawake wengi wenye kisukari, hasa cha aina ya kwanza, huona sukari ikipanda siku 3 hadi 7 kabla ya hedhi, ilhali chakula ni kilekile na yuniti za insulini ni zilezile. Huo si uzembe, wala si lazima insulini iwe imeharibika. Wapo pia wasioona tofauti yoyote.

Mzunguko huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya kutoka damu. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kisha homoni ya projesteroni hupanda na kuufanya mwili uwe mzito kuitikia insulini. Yuniti 10 zilizotosha wiki iliyopita sasa hazitoshi. Dalili huonekana mapema kwenye kipimo cha asubuhi, kabla ya chai: aliyezoea kusoma 6 au 7 mmol/L anakuta 10 au 11. Hamu ya vitu vitamu nayo inaongezea.

Damu ikianza, homoni zimeshashuka na insulini inarudia nguvu yake, pengine ndani ya siku moja au mbili. Hapa ndipo pa kuogopa zaidi, maana aliyeongeza dozi akasahau kuirudisha anaweza kushukiwa na sukari usingizini. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, koroga sukari vijiko 3 hadi 4 vya chai kwenye nusu glasi ya maji, kunywa, upime tena baada ya dakika 15.

Dozi haikisiwi. Kwa mizunguko 3 andika tarehe ya hedhi, sukari ya asubuhi na ya kabla ya kulala, na yuniti ulizochoma, kisha peleka daftari kliniki. Anayechoma insulini ya muda mrefu huweza kuongezewa kidogo, mara nyingi asilimia 10 kwa kuanzia, kwa siku hizo tu. Insulini ya mchanganyiko wa 70/30, yaani ya taratibu na ya haraka katika chupa moja, inasumbua zaidi: ukiongeza yuniti, umeongeza ya haraka na ya taratibu kwa mpigo. Usitegemee kipimo cha damu cha HbA1c kikuonyeshe haya. Kile ni wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3.

Sukari ikizidi 14 na kung'ang'ania huko, huku unatapika au tumbo linauma, usiseme ni tumbo la hedhi. Pima ketoni (asidi zinazojikusanya mwilini insulini ikipungua mno), au nenda hospitali siku hiyohiyo.