Hamu Haitangulii Mazoezi

Wengi wanaojaribu mchezo wa kuogelea, baiskeli na kukimbia hapa Mbeya huamini kwamba anayedumu ni yule aliyejaliwa kuamka na hamu kila siku. Si kweli. Juni na Julai, baridi ya alfajiri inapouma pale Uyole, hamu hiyo ni nadra mno. Wanaodumu wameshaamua tangu jana: viatu viko mlangoni, baiskeli imejazwa upepo, mwenzao anawasubiri barabarani. Hamu huja baadaye, mwili ukishapata joto.

Kinachovunja wengi moyo, kwa maoni yangu, ni saa ya mkononi inayopima kasi. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila pumzi huingiza oksijeni kidogo kuliko pwani, kwa hiyo kasi hupungua hata kwa mwenye bidii. Tafadhali usijilinganishe na ndugu yako wa Dar es Salaam! Sikiliza pumzi: katika mazoezi mepesi, ukiweza kuongea sentensi nzima, unakwenda vizuri.

Umbali wa Olimpiki ni kuogelea kilomita 1.5, baiskeli 40, kukimbia 10. Upo mfupi, nusu yake kamili. Anza na huo.