Je, Wajua? Kwa Nini Mtazamaji wa Mamalia Hushika Tochi Kando ya Jicho

Madereva wa watalii wa Nairobi wanamjua mgeni wa aina hii. Akishuka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haulizii simba. Simba alishamwona zamani. Anaulizia mhanga, kicheche, nyegere. Akisikia kuna mahali kakakuona ameonekana, ratiba yote inapanguliwa. Huyu husafiri nchi hadi nchi akiandika kila spishi ya mamalia aliyoiona porini, kama wafanyavyo watazamaji wa ndege. Spishi za mamalia zinazojulikana zimepita 6,000, na zaidi ya nusu ni popo na jamii ya panya. Orodha ya namna hiyo haijazwi mchana. Hujazwa usiku, kwa tochi iliyoshikwa usawa wa jicho, kama mtu aliyepokea simu.

Kwa nini hapo, na si mkononi kama anavyoishika mlinzi wa geti?

Jaribu leo usiku na paka wa jirani. Simama gizani hatua kumi kutoka kwake, shika tochi usawa wa tumbo, mmulike. Utamwona paka, na macho yake yatang'aa kidogo tu. Sasa ipandishe tochi polepole hadi shavuni. Macho yanawaka kama taa za gari.

Ndani ya jicho la paka, nyuma ya retina, ile ngozi ya ndani inayopokea mwanga, kuna utando unaoakisi mwanga, uitwao tapetamu. Mwanga ukiingia, sehemu hunaswa na chembe za retina na sehemu huponyoka. Ule ulioponyoka hugonga utando na kurudishwa, ukapita retina mara ya pili. Paka amepewa nafasi ya kuona mara mbili kwa mwanga uleule. Unaobaki hutoka nje kupitia lenzi ileile iliyouingiza, kwa hiyo hurudi kwa njia uliyojia: kwenye tochi. Tochi ikiwa tumboni, mng'ao unarudi tumboni. Jicho lako liko juu, limeukosa.

Pembe kati ya tochi na jicho lako, ukipima kutoka alipo mnyama, huwa kubwa akiwa karibu, na hupungua kadiri anavyokuwa mbali. Ndiyo sababu taa kubwa ya juu ya gari huokota macho ya fisi aliye mita mia mbili mbugani, kisha ikampita kanu aliyetulia kwenye tawi mita nane kutoka barabarani. Taa ya kichwani nayo inafaa, ila vumbi na wadudu humulikwa mbele ya uso wako na kukupofusha. Tochi ya mkono, kando ya jicho, bado ndiyo bora.

Ukishayapata macho, usikimbilie rangi. Mnyama yuleyule atakupa kijani, kisha rangi ya chungwa akigeuza kichwa. Angalia urefu kutoka ardhini, nafasi kati ya jicho na jicho, na mwendo. Swala pala ni macho mengi ya urefu mmoja, yametulia, yote yanakutazama. Fisi hutembea, husimama, hutazama, hugeuka na kuzimika. Komba ni makaa mawili makubwa yanayoruka mti hadi mti. Kamandegere ndiye rahisi kuliko wote: macho yake yako kando ya kichwa, hivyo mara nyingi unaona jicho moja tu, linadundadunda kama mpira. (Manyoya ya mnyama huyo hung'aa waridi chini ya mwanga wa urujuanimno, wanasayansi walilitangaza hilo mwaka 2021.)

Wadanganyifu ni wawili. Jicho kubwa jekundu katikati ya barabara ya vumbi, chini kabisa, lisilosogea hadi gari lilikaribie, ni ndege kirukanjia. Na nukta ndogondogo nyasini, kama umande, ni macho ya buibui.

Kuna wanyama ambao tochi haiwapati kabisa. Nyani, kima, nguruwe na sisi binadamu hatuna utando huo. Kundi zima la nyani linaweza kulala kwenye mgunga juu ya kichwa chako na mwanga usirudi. Kali zaidi ni tarsia, mnyama mdogo wa jamii ya kima wa visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Huwinda usiku bila tapetamu, na badala yake ana macho makubwa ajabu, kila moja karibu sawa na ubongo wake. Wanaokwenda Borneo kumtafuta kwa tochi peke yake humulika miti usiku kucha bila kitu.

Hapo ndipo kamera ya joto inapoingia. Inaona mwili, haihitaji jicho. Ila ina mambo yake: haioni kupitia kioo cha kawaida, kwa hiyo dirisha lazima lishushwe. Mapema usiku, mawe na vichuguu bado vimeshika joto la jua, kila kimoja kinajifanya mnyama. Saa tisa au kumi usiku picha husafika.

Darubini nayo ina hesabu yake. Katika namba mbili zilizoandikwa juu yake, gawa ya pili kwa ya kwanza. Ya 8x42 hutoa duara la mwanga la milimita 5.25, karibu na upana wa mboni yako gizani. Ile ndogo ya mfukoni ya 10x25 hutoa milimita 2.5: inakuza zaidi, lakini usiku utaona weusi uliokuzwa. Na zima injini kabla ya kuiinua. Mtetemo wa gari huchezesha picha, halafu mtu anailaumu lenzi.

Mnyama akishaonekana, funika tochi kwa kichujio chekundu. Chembe za jicho zinazofanya kazi gizani hazihisi sana wekundu, hivyo anaendelea na shughuli zake. Swala usimkazie mwanga mweupe. Ukimpofusha hata kwa muda mfupi umemtayarishia chui chakula. Mbalamwezi pia huharibu kazi, maana wanyama wadogo wengi huogopa kutoka wazi, kwa hiyo safari hupangwa mwezi ukiwa mwandamo.

Kwa anayeanzia Nairobi, hifadhi ya taifa iliyo mlangoni pa jiji, kilomita za mraba 117 na faru weusi ndani, haifai kwa hili: jioni lazima utoke. Msitu wa Karura pia hufungwa. Mizunguko ya usiku hufanywa kwenye hifadhi zisizo za serikali, kama Ol Pejeta kule Laikipia au zile zinazopakana na Maasai Mara. Beba sweta, Laikipia usiku ni baridi. Mwambie dereva aende kilomita kumi kwa saa, asizidi. Asiye na nauli ya huko aanzie Karen au Lang'ata, kwenye ua wa rafiki mwenye miti mikubwa. Giza hutanda kufika saa moja, na perere, mnyama mdogo wa mitini, akishaanza kukoroma na kupiga mayowe juu ya mti, pandisha tochi shavuni.