Je, wajua kwa nini mkasi wa gadi humpindua huyu na kumgomea yule?

Anayeanza jujitsu ya Kibrazili Mombasa, awe anafanyia mazoezi Nyali, Kisauni au ng'ambo ya Likoni, hakawii kufundishwa mkasi. Yuko chini, mgongo mkekani, na mwenzake amepiga magoti katikati ya miguu yake. Hali hiyo ya kumkabili mtu kwa miguu ukiwa chini ndiyo gadi, na mkasi ni njia mojawapo ya kumpindua ili wewe uwe juu na yeye awe chini. Siku ya kwanza unampindua mwenzako mpaka mwenyewe unashangaa. Siku nyingine unapangwa na mtu mwingine, unafanya yaleyale, wala hatikisiki. Kosa liko wapi?

Mara nyingi hakuna kosa lolote katika mbinu. Aliyebadilika ni mtu aliye juu: amekaa vingine, na uzito wake uko kwingine.

Fikiria ngalawa. Haipinduki ovyo kwa sababu ya matengo yake, zile mbao za ubavuni zinazoelea moja kila upande. Likikatika tengo la kushoto na mzigo ukalalia kushoto, chombo kinakwenda kushoto bila kusukumwa. Likikatika hilohilo huku mzigo uko kulia, chombo bado kinasimama. Mtu aliyepiga magoti ndani ya gadi yako naye ana nguzo zake: magoti mawili, vidole vya miguu, na mikono miwili anayoweza kuichomeka chini wakati wowote. Uzito wake ukiwa ndani ya eneo linalozungukwa na nguzo hizo, haanguki. Ili aanguke, mambo mawili yatimie kwa pamoja: uzito uvuke mpaka wa eneo hilo, na upande anaoangukia asiwe na mkono wala mguu wa kumzuia.

Sasa tazama mkasi wenyewe ulivyopangwa. Mkono wako wa kushoto umeshika gi yake, yaani vazi la mchezo huu, kwenye mkono wa kulia, na mkono wako wa kulia umeshika ukosi. Unachomoa nyonga, unalala kwa ubavu wa kushoto. Muundi wa mguu wako wa kulia unakingama mbele ya tumbo lake, na mguu wa kushoto unalala mkekani ukiziba goti lake la kulia. Piga hesabu: mkono wake wa kulia umeshikwa, goti lake la kulia limezibwa. Upande huo hana nguzo tena. Kilichobaki ni kuupeleka uzito wake huko, na hapo ndipo wengi huharakisha, wakakata kwa miguu, yaani kuipitanisha kama makali ya mkasi, kabla ya kuvuta. Ukosi ndio wenye kazi kubwa. Ukimvuta mpaka kifua chake kikauegemea muundi wako, makalio yake yanainuka kutoka visiginoni, magoti yanakuwa mepesi, na miguu ikikata wakati huo anakwenda mzimamzima.

Yule jamaa asiyetikisika kwa kawaida amefanya jambo moja tu. Amekalia visigino vyake, mgongo wima. Unamvuta mbele, naye anavuta nyuma, na akiwa na kilo nyingi kukuzidi unachoka wewe kwanza. Usishindane naye. Kama anataka kwenda nyuma, mpeleke huko. Achia ukosi, inuka uketi, chomeka mkono wako wa kushoto mkekani nyuma yako, upitishe mkono wa kulia juu ya bega lake la kulia na kuukumbatia mkono wake hapo juu ya kiwiko. Kisha mgonge kwa nyonga huku ukizunguka kushoto kwako. Sura yake haifanani na mkasi hata kidogo, lakini hesabu ni ileile: mkono wake wa kulia umefungwa, na uzito umepelekwa kulia kwake. Akishtuka na kujirusha mbele ili asianguke, tayari amekupa ule uzito wa mbele ambao mkasi uliukosa. Unarudi chini, muundi unaingia mahali pake, unakata. Kwa maoni yangu jozi hii ya mkasi na kugonga nyonga inamfaa mwenye mkanda mweupe, yaani anayeanza, kuliko rundo la mbinu zisizohusiana, maana kila moja inaishi kwa kile ambacho nyingine imemlazimisha mpinzani akifanye.

Wapo wanaojihami kwa kupanua magoti. Hapo mguu wako wa chini hauna nguvu ya kulivuta goti, kwa hiyo weka unyayo juu ya goti hilo na ulisukume linyooke kwenda nyuma huku ukimvuta mbele kwa mikono. Anakosa pa kusimama na kifua kinashuka. Tafadhali lisukume kwa mbele, kuelekea zilipo nyayo zake, wala usilipige kwa ubavu. Goti halikuumbwa kupinda kando, na kano za ubavuni zikichanika mwenzako atakaa nje ya mkeka kwa miezi.

Anayesimamisha goti moja ana habari nyingine. Mguu uliosimama haufyekeki kwa mkasi, ila una kisigino, na kisigino kinashikika. Kizuie hicho, msukume nyonga kuelekea nyuma kwa upande wa mguu huohuo, naye hana njia ya kupiga hatua.

Akisimama kabisa huku gadi yako bado imefungwa, yaani miguu yako imefungana nyuma ya mgongo wake, wengi huning'inia tu. Badala yake shuka, shika visigino vyote viwili, fungua miguu, bana magoti na usukume nyonga zake. Mtu anayesukumwa nyuma hujiokoa kwa kurudisha mguu, na miguu yote miwili umeshaishika. Akiwahi kusimama mbali kidogo, mkono mmoja unabaki na kisigino, unyayo mmoja unasukuma nyonga, na mguu wako wa pili unanasa kifundo cha mguu wake mwingine kwa nyuma. Anakaa kitako.

Kisha kuna jasho, na hili sisi wa Pwani hatuwezi kulikwepa. Msimu wa kaskazi, joto na unyevu wa Mombasa huifanya gi iwe nzito kwa jasho ndani ya muda mfupi, na wengi huamua kufanya mazoezi bila gi. Mara hakuna ukosi wala mkono wa nguo wa kushika, na kifundo cha mkono kilicholowa kinateleza. Mkasi bado unawezekana kwa kushika kisogo na kiwiko, lakini mshiko haudumu. Hali hiyo inapendelea gadi ya kipepeo: unaketi umemsogelea, nyayo zako zimenasa mapaja yake kwa ndani, mkono mmoja umepita chini ya kwapa lake na kukumbatia mgongo, mwingine umeudhibiti mkono wake wa upande wa pili. Unaanguka kwa ubavu kuelekea ule mkono uliodhibitiwa, na unyayo wako wa upande mwingine unamwinua. Kukumbatia mwili hakuhitaji nguo. Marcelo Garcia wa Brazili, ambaye hakuwa mtu wa umbo kubwa, aliijulisha dunia gadi hii, na alitwaa ubingwa wa ADCC, mashindano yasiyovaliwa gi, katika uzani wake mwaka 2003, 2005, 2007 na 2011.

Wanaocheza ufukweni maji yakitoka nao hukutana na jambo lao. Mchanga laini unameza magoti ya aliye juu, na wewe uliye chini nyonga zako hazitelezi kama zinavyoteleza kwenye mkeka. Mkasi, unaotegemea kuchomoa nyonga na kuburuta mguu chini, unapungua makali. Kugonga nyonga na kuinua kwa kipepeo kunabaki na nguvu zaidi, kwa kuwa huko mwili wa mpinzani unainuliwa kutoka ardhini kwanza.

Kuna tofauti moja pia baina ya mazoezi na mashindano. Kwa sheria za IBJJF, shirikisho linaloendesha mashindano makubwa ya mchezo huu, kupindua kunakoanzia kwenye gadi au nusu gadi (umebana mguu wake mmoja tu) huleta pointi 2, na lazima ukae juu kwa sekunde 3. Kwa hiyo anayeachia mshiko wakati mpinzani anaanguka anajinyima mwenyewe: jamaa anageuka, anapiga magoti, na pointi hazihesabiwi. Shikilia ule mkono mpaka umefika juu na magoti yako yametulia.

Ukitaka kulizoea hili, usimwombe mwenzako akae vilevile kila mara huku ukirudia mkasi mmoja. Mwambie abadilishe bila kukuambia: mara aegemee mbele, mara akalie visigino, mara asimamishe goti, mara asimame. Aanze polepole, aongeze ukinzani kadiri unavyozoea. Kabla hujasogeza miguu, jiulize nguzo gani anaitegemea na uzito wake umelala wapi. Mwanzoni utachelewa, na mara nyingi atakuwa ameshabadilika kabla hujapata jibu. Baada ya muda mikono yako itaanza kuhisi mvuto wa ukosi ukigeuka, na miguu itafuata kabla hujalipa jina ulilotaka kulifanya.