Agoge: malezi ya Wasparta

Agoge ni malezi ya lazima waliyopitia wavulana wa Sparta, dola ya Wagiriki wa kale iliyokuwa kando ya mto Eurotas, kusini mwa rasi ya Peloponnese. Asili ya neno ni kuongoza, na wavulana wenyewe waligawanywa katika makundi yaliyopewa jina lile lile la kundi la mifugo. Wapo wanaolifasiri kuwa jando, lakini jando huisha mtoto akarudi kwa mamaye. Agoge ilimchukua akiwa na miaka 7, na hata alipooa aliendelea kulala na wenzake kambini hadi alipofika miaka 30.

Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyeandika karne nyingi baadaye, anasimulia kwamba kuanzia miaka 12 mvulana alipewa vazi moja la mwaka mzima, akalalia matete aliyoyavunja mtoni kwa mikono yake. Chakula alipunjwa makusudi ili ajifunze kuiba. Akikamatwa alichapwa, kosa likiwa ni kukamatwa. Kusoma na kuandika alifundishwa kwa kiasi cha haja tu.

Baada ya hapo aliingia jeshini na kukubaliwa katika kundi la kula kikoa. Kila mmoja alileta shayiri, divai, jibini na tini kutoka shambani kwake. Aliyeshindwa kuchangia alipoteza uraia kamili, awe shujaa asiwe shujaa.

Shayiri hiyo, lakini, Msparta hakuilima. Walioilima ni waheloti, watu wa Laconia, nchi ya Sparta yenyewe, na Messenia jirani yake, waliofungwa kwenye mashamba ya mabwana zao. Mwanahistoria Herodotus anasema katika vita vya Plataea dhidi ya Waajemi, mwaka 479 KK, kila Msparta alifuatana na waheloti 7. Kwa hiyo mimi huiona agoge kama shule ya watu wachache walioishi kwa kuwaogopa waliowalisha. Hata serikali ilikiri hivyo: maefori 5, yaani wasimamizi wakuu wa dola waliochaguliwa kila mwaka, waliwatangazia waheloti vita rasmi, ili kumuua mmoja wao kusiwe najisi. Mbali na maefori walikuwapo wafalme wawili wa koo mbili, na baraza la wazee 28 waliopita miaka 60. Ajabu ni kwamba mrithi wa ufalme alisamehewa agoge.

Wasichana nao walifanya mazoezi ya mwili, jambo lililowashangaza Wagiriki wengine. Mwanafalsafa Aristotle alinung'unika kwamba karibu sehemu mbili kwa tano za ardhi zilikuwa mikononi mwa wanawake. Ardhi ilivyozidi kurundikana kwa wachache, ndivyo wengi walivyoshindwa mchango wa kikoa na raia wakapungua. Katika vita vya Leuctra dhidi ya Thebes, mwaka 371 KK, Sparta ilipeleka raia kamili 700 hivi, wakafa 400. Muda mfupi baadaye Epaminondas, jemadari wa Thebes, aliikomboa Messenia, na mashamba yake yakaenda nayo.