Mshauri wa komini mjini Lubumbashi: yanayosemwa mitaani na yaliyomo katika sheria

Tarehe 20 Desemba 2023, siku ileile ya kumchagua rais na wabunge, wakaaji wa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waliwachagua pia washauri wa komini, yaani wajumbe wa baraza la kila sehemu ya mji yenye utawala wake, kwa kura ya moja kwa moja. Wengi wetu hatukuwahi kupiga kura ya namna hiyo maishani. Kwa kuwa mabaraza hayo yalikosekana kwa muda mrefu, mshauri anapimwa kwa kipimo cha kazi nyingine, mara ya mbunge, mara ya gavana, mara ya mfadhili. Matokeo yake ni kwamba anadaiwa asichokuwa nacho, huku yale aliyokabidhiwa na sheria hayaulizwi na mtu.

Lawama inayosikika kila mahali, kuanzia komini ya Ruashi hadi ya Katuba, ni kwamba washauri hawajaleta umeme wala maji. Ukweli ni kwamba SNEL ya umeme na REGIDESO ya maji ni mashirika ya taifa, na komini haina amri juu yake. Mshauri anaweza kupaza sauti kwa niaba ya wakaaji, lakini hana uwezo wa kuweka transfoma. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inayohusu miji, komini, na sekta na sheferi za vijijini imelipa baraza mambo ya karibu zaidi, yaani masoko ya komini, usafi, mifereji ya maji ya mvua, taa na barabara ndogo za ndani, mpango wa maendeleo na, juu ya yote hayo, bajeti. Mfereji ulioziba kwa mifuko ya plastiki mwezi wa Oktoba ndio unaoingiza maji ndani ya nyumba mvua zinapokolea, kwa hiyo asidhani mtu kwamba mambo hayo ni madogo.

Dhana nyingine humfanya mshauri kuwa msaidizi wa burugumestre, mkuu wa komini. Imetokana na miaka mingi ambapo maburugumestre waliteuliwa kutoka juu, hata watu wakazoea kuwaona kama wenye komini. Sheria imepanga kinyume chake: baraza ndilo linalomchagua burugumestre na naibu wake, nao wanawajibika mbele ya baraza hilo. Mshauri ana haki ya kuwauliza maswali kwa mdomo au kwa maandishi, kuwaita wajieleze, kudai tume ya uchunguzi, na hata kupiga kura ya kuwaondoa. Isitoshe, washauri wa komini ndio wanaowachagua washauri wa mji, ambao nao humchagua meya, na hivyo, kwa mpango wa sheria, kura iliyopigwa katika kartiye (mtaa) moja ya komini ya Kampemba inafika mpaka ofisi ya meya.

Dhana inayoniumiza zaidi ni ile inayosema kwamba mshauri mwema ni yule anayetoa. Anasifiwa kwa sababu alileta gunia la unga kwenye kilio, alilipia jeneza, au aliwagawia vijana jezi. Kumchangia aliyefiwa ni utu, na hakuna atakayemlaumu mtu kwa kufanya hivyo, awe mshauri au jirani wa kawaida. Lakini mwenye kutoa unga hajatimiza bado hata sehemu moja ya kazi aliyochaguliwa kuifanya. Mtazame mama anayeuza nyanya katika soko la Kenya, komini ya mji wetu. Kila asubuhi anapita mtoza kodi, mama anafungua kitambaa alimofungia pesa, analipa, kisha anapewa kikaratasi, na siku nyingine hapewi kitu. Mshauri anayemjali mama huyu angedai vitabu vya risiti viletwe mbele ya baraza, alinganishe vipande vilivyobaki na fedha zilizoingia katika hazina ya komini, kisha aulize kwa nini choo cha soko hakijakarabatiwa wakati pesa zinatozwa kila siku. Kazi hiyo haipigwi picha, na huenda ikamletea maadui, lakini faida yake inamfikia kila mwenye meza sokoni, naye hahitaji kumshukuru mtu.

Wapo watakaojibu kwamba komini haina pesa, kwa hiyo bajeti ni maneno matupu. Hapa dhana na ukweli vinakaribiana, na inafaa kutenganisha. Katiba, katika kifungu cha 175, inayapa majimbo yote kwa jumla asilimia 40 ya mapato ya kitaifa. Na sheria ya mwaka 2008 inaziachia komini na vyombo vingine vya chini asilimia 40 ya fungu hilo la majimbo. Maana yake ni kwamba katika kila franka 100 za mapato hayo, 16 zingepaswa kushuka hadi ngazi ya chini. Kinachofika ni pungufu sana, tena kwa kuchelewa, na washauri wenyewe wamelalamika hadharani kuhusu malipo yao. Upungufu huo ni sababu ya kufuatilia kila senti inayotozwa papa hapa, wala si kisingizio cha kutoiuliza.

Kuna pia wanaosema kwamba mshauri ni wa kabila lake. Mji wetu unayo kumbukumbu ya uchungu juu ya jambo hili. Katika uchaguzi wa komini wa Desemba 1957, ambao wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura, viongozi wengi waliochaguliwa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, walikuwa na asili ya nje ya Katanga ya kusini. Manung'uniko yaliyofuata yalichangia kuzaliwa kwa CONAKAT, chama cha siasa cha Katanga, mwaka 1958, na ubaguzi kati ya wenyeji na wageni ukazidi kuota mizizi. Mfereji wa Kamalondo hauchagui ukoo unapofurika, na mshauri anapopigia kura bajeti anaipigia komini nzima.

Na wanaosema kwamba kazi ya komini ni ndogo mno kwa mtu mwenye malengo, historia imekwisha wajibu: Joseph Kasa-Vubu alikuwa burugumestre wa komini ya Dendale, Léopoldville (Kinshasa ya leo), kabla ya kuwa rais wa kwanza wa nchi mwaka 1960.

Mwisho, wengi wanaamini kwamba vikao vya baraza ni siri ya wakubwa. Kwa kawaida vikao hivyo viko wazi kwa watu wote, isipokuwa baraza lenyewe likiamua kukaa faragha. Mama wa nyanya anaweza kuingia, akaketi nyuma, akasikiliza jina la soko lake linavyotajwa katika bajeti na kiasi kilichoandikwa mbele yake.