Nyumba yenye bustani kwenye mradi mpya wa viwanja: wanayosema watu na ukweli wake

Kigamboni, Chanika, Kibaha, Mapinga, Madale: ukitoka Dar es Salaam kwa upande wowote utakutana na bango la mradi wa viwanja, na siku hizi mingi inauza kiwanja pamoja na nyumba. Picha ni ileile, vyumba vitatu, nyasi za kijani, mti mmoja wa kivuli. Mteja hupelekwa mwezi wa nane au wa tisa ardhi ikiwa kavu, anaona nyumba imenyooka, anaanza kuulizia malipo kwa awamu. Nyumba yenyewe mara nyingi si tatizo. Wanunuzi wanaponzwa na karatasi na maji, na yote mawili hayaonekani siku ya kutembezwa.

"Kimepimwa, kwa hiyo kina hati"

Kupimwa ni hatua ya katikati. Kwanza uwepo mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, ambao watu wa ardhi huuita TP. Kisha mpima anaweka bikoni (alama za mipaka), ramani ya upimaji inasajiliwa, ndipo hati inaandaliwa kwa jina la mmiliki. Kiwanja kinaweza kuwa na bikoni zake nne na namba ya kitalu, huku hati iliyopo ikiwa moja tu ya shamba zima, kwa jina la kampuni au la mzee aliyeiuzia kampuni. Hapo unachonunua ni ahadi. Na ikiwa hati hiyo moja imewekwa rehani benki, viwanja vyote vilivyo ndani yake vimefungwa mpaka benki iachie, hata kama wewe umemaliza kulipa.

Kwa hiyo omba namba ya kiwanja, kitalu na nakala ya hati, kisha ukafanye upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa. Majibu yatakuonyesha nani mmiliki leo, kama kuna rehani na kama kuna zuio. Nakala ya muuzaji inaonyesha hali ya siku ilipotolewa kopi. Upekuzi ukiwa safi, mlipe mpima aliyesajiliwa aje na kifaa alinganishe bikoni na ramani, kwa sababu bikoni huhama, hasa greda likishapita kuchonga barabara.

Angalia pia muda. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na hesabu inaanza tarehe iliyoandikwa kwenye hati, si siku uliyonunua. Hati ya miaka 33 iliyoanza 2005 inaisha 2038. Deni la kodi ya pango la ardhi nalo ni lazima lilipwe kabla ya kuhamisha umiliki, hivyo dai risiti za miaka iliyopita.

"Muhuri wa serikali ya mtaa unatosha"

Hautoshi. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kushuhudia kwamba anawafahamu wauzaji, na ushahidi huo una faida yake, lakini hana mamlaka ya kuhamisha miliki. Kwa ardhi yenye hati panahitajika mkataba wa maandishi, na fomu za uhamisho, namba 29, 30 na 35, zipitie halmashauri na ofisi ya ardhi hadi usajili ufanyike. Muuzaji akiwa mtu binafsi mwenye ndoa na nyumba ni ya familia, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi wake. Mke asiposaini leo, kesho anaweza kuyapinga mauzo mahakamani.

"Bei ya kwenye bango ndiyo bei"

Ongeza wakili, mpima, ada za uhamisho na ushuru wa stempu wa asilimia 1. Kodi ya faida ya mauzo kisheria ni ya muuzaji: mkazi hulipa asilimia 10 ya faida, au asilimia 3 ya bei kama hana kumbukumbu za gharama. Soma mkataba taratibu, kwani mara nyingi kipengele kimoja kifupi kinamsukumia mnunuzi kodi zote. Kuna pia mchango wa mwezi wa ulinzi, taa na barabara za ndani. Dai kiwango chake kwa maandishi, na nani ana haki ya kukipandisha.

"Bustani ina nafasi ya kutosha"

Hapa chukua kalamu. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Nyumba ya mita 10 kwa 12 inachukua 120, baraza 15. Njia na maegesho ya magari mawili yanakula 60. Zungusha nyumba kwa zege la upana wa mita 1, ambalo linahitajika ili maji yasiloweshe msingi: karibu 48. Karo la majitaka na shimo la kunyonya maji, 15. Kitako cha tangi, 4. Zinabaki 138, na sehemu kubwa yake ni vichochoro vya ubavuni ambako jua halifiki na mtu hapitishi toroli. Kipande cha kukaa watu na kupanda mti huishia kuwa mita za mraba 60 au 70. Ukitaka bustani ya kweli kwenye eneo hilo, chagua nyumba ndogo zaidi au ya ghorofa moja juu, si kiwanja chenye picha nzuri zaidi.

Karo ndilo linaloharibu michoro mingi. Lazima liwe mahali ambapo bomba la gari la kunyonya litafika, yaani mbele au karibu na geti, palepale ulipotaka nyasi. Juu yake hupandi mti. Mti wa jamii ya mkuyu utafuata unyevu na mizizi itaingia kwenye mabomba. Mwembe nao uache mita 6 au zaidi kutoka ukutani.

Ukiambiwa "utachimba kisima", rudi kwenye hesabu. Ushauri wa kawaida ni kisima kikae angalau mita 30 kutoka shimo la majitaka. Kwenye kiwanja cha 20 kwa 20, hata ukipima kona kwa kona unapata mita 28 tu, na bado hujahesabu mashimo ya majirani watatu. Kwa maeneo ya karibu na bahari kama sehemu za Kigamboni, kisima kinaweza pia kutoa maji ya chumvi ambayo yanababua miche.

"Nyasi zikishaota, hazina gharama"

Mita za mraba 100 za nyasi, kwa jua la Januari na Februari, zinataka lita 400 hadi 500 kwa siku. Kwa mwezi ni lita 12,000 hadi 15,000, yaani uniti 12 hadi 15 za bomba, au boza (lori la maji) la lita 10,000 na nusu yake. Kama mradi bado hauna bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, gharama hiyo itakuwa yako mpaka lije. Ukoka unavumilia ukame kuliko majani ya Pemba, ambayo yanapendeza zaidi kwenye kivuli ila yanataka maji.

Chimba na jembe sentimeta 40 kabla ya kulipa. Miradi mingi greda limekwangua udongo wa juu, kisha kifusi cha ujenzi kimefukiwa na kufunikwa mchanga kidogo. Kuweka udongo mzuri wa kina cha sentimeta 20 kwenye mita za mraba 100 ni mita za ujazo 20, takriban tripu nne za lori la tani 7, kabla ya samadi. Shimo hilohilo lijaze maji, yaishe, lijaze tena. Baada ya saa moja maji yakiwa hayajashuka, ardhi hainyonyi, na karo lako huenda likajaa kila masika.

"Pale pembeni pataachwa wazi"

Usimwamini dalali, iangalie TP: kama pameandikwa kiwanja cha biashara, itajengwa biashara. Barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, tangu Sheria ya Barabara ya 2007. Kando ya mto au bahari, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Kiwanja cha bei rahisi karibu na mto Mpiji au Mzinga kinaweza kuwa rahisi kwa sababu hiyo.

"Nyumba mpya haina cha kukagua"

Nenda masika, kati ya Machi na Mei, saa moja baada ya mvua kubwa. Sakafu ya ndani iwe juu ya ardhi ya nje kwa sentimeta 15 au zaidi. Mwaga ndoo ya maji kwenye zege la nje: yakimbie kutoka ukutani, kwa mteremko wa sentimeta 2 kila mita. Nyufa nyembamba kama uzi kwenye plasta ni za kukauka tu. Ufa unaoshuka kwa mshazari kutoka kona ya dirisha unaweza kuashiria msingi unaocheza, hasa kwenye mfinyanzi mweusi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi. Unga mweupe chini ya ukuta unaonyesha unyevu unapanda. Fungua bomba zote, mwaga vyoo vyote kwa pamoja, kisha inua kifuniko cha chemba uone maji yanapita au yanasimama.

Mwambie wakili aingize kwenye mkataba kwamba asilimia 5 ya bei inabaki kwako hadi masika moja ipite, na kwamba malipo ya awamu ya mwisho yanafanyika siku hati yenye jina lako inapokabidhiwa. Muuzaji akikataa la kwanza, mnaweza kupatana. Akikataa la pili, tafuta mradi mwingine.