Choo kisicho na mlango na msimu wa kampeni

"Watoto ni taifa la kesho." Kila kampeni naisikia. Makofi yanapigwa, mgombea anabeba mtoto wa watu apigwe picha, kisha anarudi kwenye barabara na ajira. Mimi ni mtetezi wa haki za watoto, na sentensi hiyo inanichosha kuliko matusi ya majukwaani, maana kazi yake ni kuahirisha.

Mtoto hana kura. Nchi nyingi zinaanzia miaka 18; Austria ilishuka hadi 16 mwaka 2007, lakini waliofuata ni wachache. Hata hivyo Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unampa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Haukusema asubiri kesho.

Katika kikao kimoja na wagombea, msichana wa miaka 13 alisimama na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Choo cha wasichana shuleni kwetu hakina mlango. Utaweka lini?" Mgombea akaanza kueleza mpango wake wa elimu bora. Binti akamwacha amalize, akauliza tena: "Lini?"

Sisi wataalamu tungeandika "kuboresha mazingira ya kujifunzia", na wagombea wote wangetia saini bila kusoma. Tangu siku ile, dai lisiloonekana kwa macho silipeleki. Naangalia pia nani mwenye fungu: ukimdai diwani mtarajiwa pesa za wizara, umempa pa kutorokea.

Wakati nao una hila yake. Ilani huandikwa mapema, na wanaoiandika mara nyingi si wale unaowaona jukwaani. Ukisubiri mabango yabandikwe, utaishia kuomba ahadi za mdomo. Watafute waandishi wa rasimu, uwape aya mbili zilizo tayari kunakiliwa.

Karatasi ileile ya madai iende kwa vyama vyote, siku ileile, na majibu yatangazwe yote, pamoja na "hakujibu". Anayewavalisha watoto fulana za mgombea, hata kama ni rafiki yetu, hatufanyi naye kazi.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa jingine. Baada ya kikao kile, mwalimu mmoja alimwita yule binti akitaka kujua nani kamtuma kuiaibisha shule. Mzazi alikuwa ameridhia, binti mwenyewe aliridhia, ila hakuna aliyewaeleza kwamba jambo kama hilo lingeweza kutokea. Nilikwenda kuwaomba radhi. Sasa tunakusanya maswali ya shule kadhaa, tunayachanganya, na mtoto husoma swali lisilo la shule yake. Jina halitajwi, na picha hupigwa kutoka nyuma.

Mgombea alijibu hatimaye: kabla ya bajeti ya kwanza. Tuliandika, akatia saini na tarehe. Alishinda. Nakala ninayo, na kikao cha bajeti kilipofika niliketi mstari wa mbele nikiwa nimeishika.